Malezi ya Askari Mwenye Silaha

Msomaji kijana, kabla hujaendelea kusoma, jiulize swali moja. Tuseme wewe ndiwe serikali, na mbele yako amesimama kijana hodari wa miaka 25, amekuja kuomba kazi ya kuwakamata wahalifu. Utampa nini kwanza: bastola au kitabu cha sheria? Wengi watajibu upesi kwamba watampa vyote viwili. Jibu hilo ni jema, lakini kulitimiza ni kazi kubwa. Bastola hununuliwa kwa siku moja, na kuilenga shabaha hufundishwa kwa majuma machache. Kujua wakati wa kuiacha alani mwake ni elimu nyingine kabisa, na mara nyingi elimu hiyo imepatikana kwa gharama ya damu.

Katika insha hii tutaitazama nchi moja, Marekani, na jinsi ilivyowafundisha na kuwapa vifaa askari wa serikali yake kuu tangu mwaka 1789 hata siku zetu. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, mambo yake mengi, mema na mabaya, yameandikwa waziwazi katika kumbukumbu za mahakama na za Bunge, hata mtu wa mbali aweza kuyachungua. Ya pili, askari hao waliwahi kufika hapa kwetu Nairobi katika siku za msiba mkubwa, na mwishoni tutaona jinsi mafunzo yao yalivyopimwa.

Yatupasa kwanza kufahamu maana ya serikali kuu katika nchi ile. Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Kila jimbo lina sheria zake na polisi wake, na hata mji mdogo waweza kuwa na polisi wake. Juu ya majimbo yote iko serikali ya shirikisho, ambayo nayo ina sheria zake: sheria za fedha, za posta, za forodha, na za makosa yavukayo mipaka ya majimbo. Watu waliowekwa kuzilinda sheria hizo ndio tutakaozungumza habari zao. Hawako chini ya idara moja. Wako wa mahakama, wako wa hazina, wako wa mipakani, na wako wa Idara ya Upelelezi, ambayo dunia nzima yaijua kwa herufi tatu: FBI.

Askari wa kwanza wa aina hii walikuwa mamarshali, yaani watumishi wa mahakama. Walianzishwa kwa sheria ya tarehe 24 Septemba 1789, na Rais George Washington akawachagua wale wa kwanza. Kazi yao ilikuwa kupeleka hati za mahakama, kukamata watu na kuwalinda wafungwa. Chuo hawakuwa nacho. Mtu aliteuliwa kwa sababu alijulikana kuwa mwaminifu au jasiri, akafundishwa na kazi yenyewe. Aliyekosea aliweza kuua mtu asiye na hatia, au kuuawa yeye. Baadaye, mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika, nchi ilikuwa imejaa noti bandia. Ndipo Wizara ya Hazina ilipounda kikosi cha siri cha kuwasaka watengenezaji wake. Hao nao walijifunza njiani.

Mwaka 1908, Mwanasheria Mkuu Charles Bonaparte, mjukuu wa ndugu yake Napoleon yule wa Ufaransa, alikusanya wapelelezi 34 wafanye kazi chini ya Wizara ya Sheria. Kundi hilo dogo ndilo lililokuja kukua likawa FBI. Sasa angalia jambo la ajabu. Wapelelezi hao hawakuwa na mamlaka ya jumla ya kukamata watu, wala sheria haikuwapa ruhusa ya kawaida ya kuchukua silaha. Mpelelezi aliyempata mhalifu ilimbidi aende kwa polisi wa mji au kwa marshali, aombe asaidiwe. Mambo hayakuwa hivyo kwa kusahau. Wabunge wengi wa Marekani waliogopa kuunda polisi wa siri ambao siku moja wangewageukia raia. Waliona ni heri mpelelezi asumbuke kuliko raia aonewe.

Mwaka 1924 kijana wa miaka 29, jina lake J. Edgar Hoover, alipewa uongozi wa idara hiyo. Tutakuja kuona kwamba mtu huyu alitenda pia mambo ya kusikitisha, lakini katika kufundisha hapana budi tumpe haki yake. Aliwaondoa watu walioingia kwa kujuana na wakubwa. Alitafuta vijana waliosomea sheria au uhasibu. Mwaka ule ule wa 1924 alikusanya alama za vidole mahali pamoja, ili mtu aliyekamatwa katika jimbo moja aweze kutambuliwa katika jimbo jingine. Mwaka 1928 akaanzisha mafunzo rasmi ya wapelelezi wapya, na mwaka 1932 ikafunguliwa maabara ya kuchunguza risasi, nywele, damu na maandishi. Basi kitabu kilianza kutangulia. Lakini bastola ilikuwa njiani inakuja.

Asubuhi ya tarehe 17 Juni 1933, wapelelezi wa serikali kuu pamoja na polisi walimshusha mfungwa mmoja kutoka katika gari-moshi katika mji wa Kansas City. Mfungwa huyo, Frank Nash, alikuwa ametoroka gerezani, nao walikuwa wakimrudisha. Walipofika nje ya stesheni na kuanza kuingia katika motokaa, walivamiwa na watu wenye bunduki za rasharasha. Muda si muda, maafisa wanne walikuwa wamekufa, na Nash naye amekufa. Nchi nzima ilishtuka. Magazeti yalilia kwamba majambazi wana silaha kali na motokaa ziendazo mbio, nao walinzi wa sheria hawana kitu.

Kilio hicho kilikuwa cha haki, lakini hakikuwa na ukweli wote. Miaka mingi baadaye alitokea mtafiti aliyeichunguza habari hiyo upya, akadai kwamba baadhi ya risasi zilizoua siku ile zilitoka katika bunduki ya mmoja wa wapelelezi wenyewe, bunduki asiyoizoea, ambayo ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jambo hilo lingali lina ubishi. Lakini hata likiwa shaka tu, lina fundisho ndani yake: silaha mkononi mwa asiyeizoea humtisha adui na rafiki sawasawa.

Fundisho la pili halina ubishi wowote. Usiku wa tarehe 22 Aprili 1934, wapelelezi waliizingira nyumba ya wageni msituni katika jimbo la Wisconsin, iitwayo Little Bohemia. Walipata habari kwamba jambazi mashuhuri John Dillinger na genge lake wamelala humo. Mpango ulitungwa kwa haraka. Mbwa wakabweka. Motokaa moja ikatoka ikiwa na wanaume watatu, nao wapelelezi, wakidhani ni majambazi, wakaimiminia risasi. Kumbe walikuwa wageni wa kawaida waliokuja kula na kunywa. Mmoja akafa na wawili wakajeruhiwa. Wakati huo Dillinger na wenzake wakatoka kwa madirisha ya nyuma wakapotea gizani, na mmoja wa genge akamuua mpelelezi mmoja jirani na hapo. Basi haraka haraka, ambayo wazee wetu walisema haina baraka, usiku ule iliua asiye na hatia na kumwacha mwenye hatia aende zake.

Katika miezi ya Mei na Juni ya mwaka huo huo wa 1934, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya. Wapelelezi wakapewa mamlaka ya kukamata na ruhusa ya kuchukua silaha. Woga wa mwaka 1908 ulikuwa umeshindwa na woga mpya. Lakini sasa, msomaji, swali letu la mwanzo likawa zito kuliko kwanza: waliopewa bunduki watafundishwa nini?

Jibu lilianza kutolewa katika kambi ya askari wanamaji ya Quantico, jimbo la Virginia, kusini ya Washington. Huko wapelelezi walipewa nafasi katika viwanja vya shabaha. Mwaka 1935 ikaanzishwa shule ya kuwafundisha pia maafisa wa polisi wa miji na majimbo, na mwaka 1940 likajengwa jengo la kwanza la chuo. Chuo kikubwa kipya kilifunguliwa mwaka 1972, chenye madarasa, mabweni, maktaba na viwanja vya shabaha, katika eneo la ekari 547. Mwaka huo huo, baada ya kifo cha Hoover, mlango ulifunguliwa tena kwa wanawake, ambao katika zama zake walikuwa wamezuiwa kuwa wapelelezi. Wawili wa kwanza walioingia Quantico, mmoja alikuwa zamani mtawa wa kanisa, na mwenzake askari mwanamaji. Walilala, wakakimbia na kulenga shabaha kama wanaume.

Idara nyingine zilikuwa nyuma. Nyingi zilikuwa ndogo, na kila moja ilifundisha watu wake ilivyoweza, nyingine katika chumba cha kuazima. Kwa hiyo mwaka 1970 kiliundwa chuo kimoja cha kufundisha maafisa wa idara nyingi za serikali kuu pamoja, na mwaka 1975 kikahamia Glynco, jimbo la Georgia, mahali palipokuwa zamani kiwanja cha ndege za jeshi la majini. Hekima yake ni rahisi. Raia akisimamishwa na askari wa misitu, wa forodha au wa mahakama, haki zake ni zile zile. Basi yafaa wote wawe wamezisoma kwa namna iliyo moja.

Je, kurutu hufundishwa nini hasa? Katika miaka ya karibuni mpelelezi mpya wa FBI kwa kawaida alikaa Quantico majuma kama 18 hadi 20, na masomo yake yalipita saa 800. Asubuhi aweza kuwa darasani akisoma Katiba. Mchana akijifunza kumhoji shahidi bila kumtilia maneno kinywani. Jioni akiwa uwanjani na bastola, au akijifunza kumfunga pingu mtu abishaye bila kumvunja mkono. Hujifunza kuokota ushahidi kwa uangalifu, kuufunga, kuutia alama na kuandika nani ameushika na saa ngapi, kwa maana ushahidi usiojulikana umepitia mikono ya nani hauaminiki mahakamani.

Mwaka 1987 ulijengwa hapo Quantico mji wa kuigiza, unaoitwa Hogan's Alley. Mafundi wa kutengeneza mandhari za sinema walisaidia kuubuni. Una benki, posta, hoteli na maduka. Una na jumba la sinema lenye jina la Biograph, kwa ukumbusho wa lile la Chicago ambalo mbele yake Dillinger alipigwa risasi tarehe 22 Julai 1934. Waigizaji wa kulipwa hujifanya wezi, mashahidi na wapita njia. Kurutu huingia mlangoni, naye mtu wa ndani huingiza mkono mfukoni. Je, atatoa bastola au kitambulisho? Kurutu hana ila nukta ya wakati ya kuamua. Akikosea katika mji huu, aliyekufa huinuka akajipangusa vumbi, na mwalimu huuliza: umeona nini, na kwa nini umepiga? Swali hilo ndilo somo lenyewe. Nami nifundishaye walimu chuoni najua thamani ya mahali ambapo mwanafunzi aweza kukosea pasipo kumdhuru mtu. Mwalimu mwanafunzi hujaribu somo lake mbele ya wenzake kabla hajakabidhiwa watoto wa watu.

Na vifaa je? Habari za silaha nazo zina mafunzo yake. Tarehe 11 Aprili 1986, katika mji wa Miami, wapelelezi wanane walikabiliana na wanyang'anyi wawili wa benki. Wanane kwa wawili: ungedhani mambo yatakwisha upesi. Lakini mnyang'anyi mmoja alikuwa na bunduki kali ya kupiga mfululizo, na wengi wa wapelelezi walikuwa na bastola za kizamani zichukuazo risasi chache. Risasi moja ilimpiga mnyang'anyi huyo mkononi ikaingia kifuani, lakini ikasimama kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupigana. Mwisho wake wanyang'anyi wote wawili walikufa, lakini wapelelezi wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa.

Baada ya msiba huo idara ilipima risasi za kila namna, ikachagua bastola yenye risasi kubwa ya milimita 10. Lakini ikaonekana kwamba bastola ile ni nzito, na kishindo chake humrudia mpigaji kwa nguvu mno. Ikatafutwa nyingine yenye nguvu kidogo kupungua. Hatimaye, katika miaka ya 2010, idara ikarudi kwenye risasi ya milimita 9, ile ndogo iliyokuwa imeachwa. Sababu zilikuwa mbili: risasi za aina hiyo zilikuwa sasa zinatengenezwa kwa ustadi zaidi, na wapelelezi wengi walilenga vizuri zaidi kwa bastola isiyowatikisa. Basi baada ya miaka karibu 30 ya kutafuta chuma chenye nguvu, waligundua kwamba jambo kubwa ni mkono uliofundishwa.

Kifaa kingine kilichookoa wengi hakikutoka kwa fundi wa silaha. Mwaka 1965 mwanakemia Stephanie Kwolek, akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, alivumbua nyuzi ngumu ajabu ziitwazo Kevlar. Kutokana na nyuzi hizo, katika miaka ya 1970 zilishonwa fulana za kuzuia risasi za bastola, nyepesi kiasi cha kuvaliwa ndani ya shati. Askari aliyelindwa mwili wake ana sababu pungufu ya kupiga risasi kwa hofu; basi fulana yaweza kumlinda na raia pia.

Sasa turudi kwenye kitabu, maana Mahakama ya Juu ya Marekani nayo imekuwa mwalimu mkali wa askari. Mwaka 1914 iliamua kesi ya mtu mmoja wa jimbo la Missouri ambaye nyumba yake ilipekuliwa na barua zake zikachukuliwa na marshali bila hati ya mahakama. Majaji wakasema kwamba kitu kilichopatikana kwa kuvunja Katiba hakitatumika kumhukumu mtu katika mahakama za serikali kuu. Mwaka 1966, katika kesi ya Miranda, waliamua kwamba mtu aliyekamatwa ni lazima aambiwe kabla ya kuhojiwa kwamba ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwa na mwanasheria. Wako waliolalamika kwamba polisi hawataweza kazi namna hiyo. Majaji wakawajibu kwa kuonyesha kwamba wapelelezi wa FBI walikuwa tayari na desturi ya kuwaonya watu vivyo hivyo, na kazi haikuwashinda.

Kesi ya tatu nataka uisome kwa makini, kwa kuwa aliyekufa alikuwa wa umri wako. Mwezi wa Oktoba 1974, katika mji wa Memphis, polisi wa mji huo aliitwa kwenye nyumba iliyovunjwa. Akamwona kijana akikimbilia uani, akamwona mikono yake, akawa na yakini ya kutosha kwamba hana silaha. Akamwamuru asimame. Kijana akaanza kupanda ua ili atoroke, naye polisi akampiga risasi ya kichwa. Jina lake lilikuwa Edward Garner, umri wake miaka 15. Alikutwa na dola 10 na kipochi. Sheria ya jimbo lile iliruhusu jambo hilo, na polisi alikuwa amefundishwa hivyo. Baba yake kijana alishtaki, na mwaka 1985, baada ya zaidi ya miaka kumi, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba askari haruhusiwi kumuua mtu anayekimbia, ila akiwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba mtu huyo ni hatari kwa maisha ya askari au ya wengine. Hukumu hiyo ilihusu polisi wa mji, lakini kanuni yake yawafunga askari wote wa Marekani, na makurutu wa serikali kuu huisoma.

Lakini usidhani kwamba kanuni ikiisha kuandikwa imekwisha kutii. Mwezi wa Agosti 1992, mahali paitwapo Ruby Ridge katika jimbo la Idaho, mamarshali walikwenda kumchunguza mtu aliyekataa kufika mahakamani. Risasi zikalia, marshali mmoja akafa, na mwana wa mtu yule, mtoto wa miaka 14, akafa. Kesho yake FBI ilileta walenga shabaha, wakapewa amri za pekee zilizolegeza masharti ya kupiga risasi. Mmoja akapiga, na risasi ikamuua mama wa nyumba aliyesimama nyuma ya mlango, amempakata mtoto mchanga. Baadaye wachunguzi walikuta kwamba amri zile zilikwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 1995 serikali ikakubali kuilipa jamaa hiyo dola milioni 3.1. Mwaka 1993 huko Waco, Texas, nyumba ya kundi moja la dini ilizingirwa siku 51. Maafisa wanne wa serikali kuu waliuawa siku ya kwanza, na siku ya mwisho moto uliua watu zaidi ya 70, na watoto wengi miongoni mwao. Hapo ilionekana kwamba wapatanishi waliosema na watu kwa simu na wapiganaji waliozingira nyumba hawakuwa wakivuta kamba upande mmoja. Mwaka 1994 FBI iliwaweka pamoja chini ya uongozi mmoja.

Katika misiba hii miwili hawakukosa silaha wala shabaha. Walikosa subira, na kiongozi wa kusema: ngojeni.

Ndiyo maana naona kwamba jambo kubwa kuliko yote katika mafunzo yao lilianza mwaka 2000. Tangu mwaka huo, wapelelezi wapya wa FBI walianza kupelekwa katika jumba la makumbusho mjini Washington lenye habari za mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Huko huonyeshwa kwamba polisi wa kawaida wa Ujerumani, watu wenye elimu na nidhamu, walikuja kuwa chombo cha mauaji, kwa kutii hatua moja baada ya nyingine. Na mwaka 2014 ziliongezwa ziara za kwenda kwenye sanamu ya ukumbusho wa Martin Luther King, ili wajifunze kosa la idara yao wenyewe. Kwa maana Hoover, yule aliyeleta maabara na wanasheria, ndiye ambaye katika miaka ya 1960 idara yake ilimwandama King, ikasikiliza maneno yake kwa siri, na mwaka 1964 ikamtumia barua chafu isiyo na jina. Kila kifaa cha kusikilizia kilifanya kazi barabara. Kilichoharibika kilikuwa ndani ya mtu.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, likaua watu 213, karibu wote Wakenya, na kujeruhi maelfu. Siku ile ile bomu jingine likaua watu 11 Dar es Salaam. Mimi nilikuwa bado mtoto, lakini hakuna nyumba ambayo habari hizo hazikuingia. Wapelelezi wa Marekani walifika kwa wingi, wakafanya kazi pamoja na polisi wetu. Walichekecha kifusi kama mtu achekechaye unga, wakitafuta vipande vya gari lililobeba bomu. Mtu mmoja akakamatwa Nairobi akahojiwa. Kesi iliposikizwa New York mwaka 2001, mawakili wake walisema kwamba hakuonywa haki zake ipasavyo. Upande wa pili ulisema kwamba yeye si Mmarekani, na Nairobi si Marekani. Jaji akaamua kwamba haki ya kutolazimishwa kujishuhudia yamlinda hata mgeni ahojiwaye ugenini na maafisa wa Marekani, kama atashtakiwa Marekani. Maneno aliyoyasema baada ya kuonywa sawasawa yakapokewa. Washtakiwa wanne walionekana na hatia mwezi wa Mei, wakafungwa maisha mwezi wa Oktoba.

Huenda ukauliza: mtu aliyeshiriki kuua watu 213 astahili nini haki? Swali hilo liliulizwa na wengi waliofiwa, wala siwalaumu. Lakini fikiri. Haki ile iliwataka waombolezaji wangoje, na mwisho wa kungoja kwao wakapata hukumu iliyosimama juu ya ushahidi, ambayo mtu hawezi kuiita kisasi. Askari aliyefundishwa kungoja ndiye aliyewapa kitu hicho.

Basi, msomaji, huenda siku moja baadhi yenu mtavaa sare za polisi, au mtakaa bungeni kupiga kura ya fedha za silaha. Wengi mtakuwa raia tu, mtakaosimamishwa barabarani usiku na mtu mwenye bunduki. Mkiwa wa kwanza, kumbukeni Little Bohemia na yule mlenga shabaha wa Ruby Ridge. Mkiwa wa pili, ulizeni si idadi ya bunduki tu, bali na idadi ya saa za kusoma. Na mkiwa wa tatu, zijueni haki zenu, kwa kuwa askari hukumbuka somo lake vizuri zaidi mbele ya raia aliyelisoma pia. Edward Garner hakupata nafasi ya kulisoma. Ninyi mmeipata.